Wawili Istanbul: Mwongozo wa Kupiga Picha kwa Wiki Nzima

Kabla ya kuzungumzia hoteli na nauli, wewe na rafiki yako zungumzeni kwanza kuhusu picha. Wiki moja Istanbul inatosha kuujua mji kwa macho, na inatosha pia marafiki wawili kununiana. Kinachowanunisha wengi si fedha wala chakula. Ni mmoja kusimama kila hatua kumi na kamera yake, huku mwenzake akingoja kwenye upepo wa baharini ameshika mikoba ya wote wawili. Mpiga picha anataka kutulia mahali, asiyepiga anataka kuendelea na safari, na kila mmoja ana haki yake.

Makubaliano ninayoyapendekeza ni haya. Mwenye kamera achukue saa za alfajiri ziwe zake peke yake, mwenzake alale. Mchana mtembee pamoja, na kamera itoke kwenye begi pale tu penye jambo la kupigwa. Jioni, saa moja kabla ya jua kuzama, muwe mahali mlipopachagua tangu asubuhi, na hapo asiwepo wa kumharakisha mwenzake. Semeni pia mapema ni picha za aina gani zitawekwa mtandaoni na lini. Picha ya rafiki ni yake kabla ya kuwa yako. Akisema hii isitoke, isitoke. Na picha ya mahali mlipo iwekeni mkishaondoka hapo, kwa usalama wenu.

Istanbul inatumia saa ileile ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, kwa kuwa tangu 2016 Uturuki iliacha kubadili saa kwa majira ya mwaka. Saa ya kamera, kwa hiyo, hutaigusa. Hakikisha tu kwamba kamera yako na simu ya mwenzako zinasoma dakika moja, ili mkirudi na kuweka picha zenu kwenye folda moja zijipange zenyewe kwa mfuatano. Jua la kule, hata hivyo, halifuati desturi ya kwetu. Sisi tuliozoea kulipokea saa 12 asubuhi na kuliaga saa 12 jioni mwaka mzima tunapaswa kuangalia ratiba yake kabla ya kusafiri. Mwezi Juni linachomoza kama saa 11 na nusu alfajiri na kuzama saa 2 na dakika 40 hivi usiku. Mwezi Desemba linachomoza saa 2 na dakika 20 asubuhi, na saa 12 jioni haijafika limeshazama. Anayekwenda Desemba anaweza kulala vizuri na bado akawahi mapambazuko. Anayekwenda Juni ajiandae kulala mchana.

Kuna zawadi nyingine ambayo pwani yetu haitupi. Karibu na ikweta jua hutumbukia wima na giza likaingia upesi. Istanbul linazama kwa mshazari, na baada ya kuzama anga hubaki na rangi ya buluu iliyokolea kwa nusu saa au zaidi, wakati taa za misikiti, madaraja na feri zimeshawashwa. Hapo ndipo picha za usiku hupigwa. Ukingoja giza totoro utapata taa nyeupe zilizopasuka juu ya weusi mtupu, na anga halitaonekana kabisa. Kwa hiyo jua likishazama msikimbilie chakula cha jioni. Kaeni, vaeni makoti, mnunue chai, mfanye kazi.

Mahali pa kukaa jioni panategemea majira. Mji wa kale, wenye Ayasofya, msikiti wa Sultan Ahmed na kasri la Topkapı, umekaa kwenye rasi ya upande wa Ulaya. Ukitaka kuupiga picha ukiwa mzima, na jua likiwa nyuma ya minara yake, inabidi uvuke maji uende upande wa Asia. Miezi ya baridi jua linazama kusini-magharibi. Wakati huo kaeni Salacak, ufukwe wa Üsküdar unaotazamana na Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama katikati ya maji, nanyi mtaliona likishuka karibu na minara ya Ayasofya. Kiangazi linahamia kaskazini-magharibi, na mtu aliyekaa Salacak ataliona likizama mbali kabisa na minara hiyo. Mahali pa kiangazi basi ni ufukwe wa Kadıköy, kusini zaidi. Machipuko na vuli linazama kati ya pande hizo mbili, na hapo nawashauri muwe ndani ya feri, mkirudi upande wa Ulaya, mmesimama mbele.

Feri ndiyo studio yenu. Kwa nauli ya usafiri wa kawaida wa mjini, inayolipwa kwa kadi ya Istanbulkart mtakayoinunua siku ya kwanza, mnapata dakika 20 hivi za maji, upepo, moshi, minara na nyuso za watu wanaokwenda kazini. Njia ya Eminönü, upande wa Ulaya, kwenda Kadıköy ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Feri ikitoka Eminönü, simameni upande wa kulia, kwa kuwa Topkapı na ncha ya rasi vitapita hapo. Pandeni asubuhi, pandeni tena jua likiwa utosini, pandeni mvua ikinyesha. Mtu anayeipanda feri ileile mara kadhaa katika wiki atarudi na picha bora kuliko anayekimbilia kivutio kipya kila saa, kwa sababu mara ya kwanza macho yanashangaa tu, na kazi yenyewe huanza yakishazoea.

Juu ya feri utawaona abiria wakiwarushia shakwe vipande vya simit, mkate wa duara wenye ufuta unaouzwa kila kona. Hii ni picha ya watu wawili: mmoja anarusha, mwingine anapiga. Anayerusha ainue mkono juu, aangalie ndege, asiangalie kamera. Anayepiga aweke kasi ya shata kwenye 1/1000 ya sekunde au zaidi, au kama anatumia simu, apige mfululizo. Zitatoka picha nyingi mbovu na moja ambayo bawa, mkono na mkate vimekutana. Kisha mbadilishane. Mkishachoka ingieni ndani, agizeni chai kwenye gilasi ile ndogo yenye kiuno, na mkae dirishani.

Hapo dirishani ndipo panapofaa kuzungumzia jambo ninalolijali kuliko yote katika safari ya namna hii, nalo ni uso wa rafiki yako. Kamera haijui inamtazama nani. Inapima mwanga wa fremu nzima na kuupeleka kwenye wastani. Ukimsimamisha mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya anga jeupe, bahari inayometa au marumaru ya ua wa msikiti, kamera itapunguza mwanga ili kuokoa vile vyeupe, na uso wa rafiki utakuwa kivuli chenye meno. Tatizo hili lina historia. Kwa miongo mingi maabara za filamu za rangi zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na nyuso za watu weusi zikapoteza maumbo yake kwenye karatasi. Vifaa vya leo vimeboreka sana, lakini kazi ya kuulinda uso bado ni ya aliyeshika kamera.

Kwenye simu, gusa uso wa mwenzako kwenye kioo, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha alama ya jua juu kidogo. Kwenye kamera ongeza mwanga kwa hatua moja, uangalie, kisha uongeze au upunguze. Anga likipotea rangi yake, liache lipotee. Hamkupanda ndege kwenda kupiga picha ya anga. Zima kabisa ile programu ya simu ya kurembesha nyuso, kwa maana inalainisha ngozi na kuing'arisha mpaka mtu anakuwa mwingine. Kisha umgeuze rafiki kwenye mwanga wa upande: dirisha la feri, mlango wa duka unaotazama barabara, kichochoro chenye kivuli kilicho mkabala na ukuta unaopigwa na jua. Ngozi nyeusi inapendeza mno kwenye mwanga wa namna hiyo, kwa sababu inaakisi badala ya kupauka, na utaona mstari wa taya, paji la uso na macho vikijichora vyenyewe. Kama mmoja wenu ni mweusi zaidi ya mwenzake na mnapigwa pamoja, huyo ndiye akae karibu na mwanga. Jua la mchana liacheni, isipokuwa mkiwa kivulini.

Mavazi nayo ni sehemu ya picha. Istanbul ya miezi ya baridi ni mji wa mawe ya kijivu, maji ya kijivu na makoti meusi. Kitenge cha njano, skafu nyekundu au mtandio wa kijani utamfanya rafiki aonekane hata akiwa mbali kabisa, mdogo, katikati ya ua mkubwa. Nashauri kila mmoja abebe angalau nguo moja yenye rangi kali, na msivae zote siku moja.

Na tafadhali, msisimame kila mara mbele ya jengo mkiwa wima mmetazama kamera. Picha moja ya hivyo inatosha kwa ajili ya mama nyumbani, naye atafurahi. Zilizobaki ziwe za mtu anayefanya kitu: anasoma ramani, anapatana bei ya taa za vioo, anavua viatu mlangoni mwa msikiti, anaungua ulimi kwa kinywaji cha moto cha salep. Mkitaka jengo lionekane, mtu asogee karibu na kamera na jengo libaki mbali nyuma yake, maana mtu aliyesimama chini ya ukuta wa Ayasofya huonekana kama mdudu, na minara hukatwa. Piga pia vitu vidogo ambavyo baada ya miaka mtakuwa mmevisahau: tiketi, viatu vilivyolowa, mikono kwenye gilasi, kitanda cha hoteli kikiwa kimetapakaa nguo.

Wewe mwenye kamera usisahau kwamba usipojiangalia hutaonekana katika safari yako mwenyewe. Kila siku mkabidhi rafiki kamera kwa muda, ukiwa umeshaipanga mwanga na fokasi, umwache apige anavyotaka bila kumsahihisha. Jicho lake litaona usichokiona wewe. Mkitaka kupigwa pamoja, mpangilieni kwanza mpita njia: rafiki asimame mahali pake, wewe tengeneza fremu, kisha umpe mgeni kamera umwombe asisogee, ndipo uende kusimama. Au weka simu juu ya ukuta, tumia kipima muda, na mwendelee kuzungumza mpaka ipige.

Kwa picha za watu wa mji wenyewe, mwalimu ninayewapendekeza ni Ara Güler, mpiga picha aliyezaliwa Istanbul mwaka 1928 na kufariki mwaka 2018. Picha zake za rangi nyeusi na nyeupe za miaka ya 1950 na 1960, za wavuvi, wapakuzi wa bandarini na feri zikiwa zimefunikwa na moshi, ndizo zilizoifundisha dunia namna ya kuutazama mji huu. Mkahawa wenye jina lake uko kwenye kichochoro karibu na eneo la Galatasaray, kando ya barabara ya İstiklal. Ziangalieni picha zake kabla ya kusafiri na mjiulize alisimama wapi. Mtagundua kwamba majengo makuu kwake ni mandhari ya nyuma, na mbele daima yuko mtu mwenye shughuli zake.

Nendeni daraja la Galata mkiwa na swali hilo. Daraja la sasa lilikamilika mwaka 1994, baada ya lile la zamani kuungua mwaka 1992, lakini wavuvi bado wamejipanga juu yake na fimbo zao usiku na mchana. Msifike na kuanza kupiga. Tembeeni hadi ng'ambo na kurudi, kamera ikining'inia shingoni ionekane. Salimieni. Kwa mtu aliye kazini Waturuki husema "kolay gelsin", nasi tungesema pole na kazi. Neno hilo likitoka kinywani mwa mgeni hufungua nyuso. Kisha uliza "fotoğraf çekebilir miyim?", yaani naweza kupiga picha? Akikataa, shukuru na upite. Akikubali, piga mbili tatu, mwonyeshe, na kama ameipenda mtumie. Kuwa wawili kunasaidia hapa: rafiki anapozungumza na mvuvi kuhusu samaki waliomo ndooni, hata kama ni kwa ishara, mvuvi anasahau kamera.

Balat unataka adabu zaidi. Ni mtaa wa zamani wenye nyumba za rangi kwenye mteremko ulioelekea Haliç, mkono wa bahari unaoukata upande wa Ulaya, na mwanga wake mzuri ni wa asubuhi. Watu wanaishi mle. Nguo zilizoanikwa ni za mtu, ngazi mnazotaka kukalia ni za mlango wa mtu, na watoto wanaocheza mpira wana wazazi wa kuulizwa. Sisi wenyewe tunajua inavyoudhi mtalii anapomlenga lenzi bibi aliyekaa barazani kwake Mji Mkongwe au Lamu bila hata salamu. Tusiende kuwafanyia wenzetu hivyo.

Misikitini sheria ni rahisi. Mabega na magoti vifunikwe, wanawake wajifunike kichwa, viatu vivuliwe, na flashi izimwe. Wakati wa swala watalii huombwa wangoje nje, na Ijumaa adhuhuri mngojo ni mrefu. Ayasofya, iliyokamilika mwaka 537, ikawa msikiti mwaka 1453, jumba la makumbusho katika miaka ya 1930 na msikiti tena mwaka 2020, sasa huwapeleka watalii wa kigeni kwenye roshani ya juu kwa malipo, na sakafu ya chini imeachiwa wanaoswali. Msafiri Mwislamu anayeingia kuswali aiache kamera mfukoni mpaka amalize, na mtu yeyote asimpige picha anayeswali kwa mbele. Kama mna nafasi ya msikiti mmoja tu wa kukaa kwa utulivu, nendeni Süleymaniye, uliokamilishwa na Mimar Sinan mwaka 1557. Umati wake ni mdogo, na kutoka uwanja wa nyuma mnaitazama Haliç na mtaa wote wa Galata chini yenu. Fikeni alasiri, jua likiwa limeangukia upande wa pili wa maji.

Mambo machache niyapitie haraka. Soko Kuu la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, na Topkapı hufungwa Jumanne. Kwenye birika la chini ya ardhi la Yerebatan, lenye nguzo 336, kuna giza, hivyo egemeza simu kwenye reli na uzuie pumzi. Msipige picha za askari, vituo vya ukaguzi wala maeneo ya jeshi. Droni iacheni nyumbani, kwani kibali chake ni usumbufu usiofaa wiki moja. Soketi za Uturuki ni za pini mbili za mviringo, si tatu bapa kama zetu, kwa hiyo bebeni adapta moja na ekstensheni moja ya nyumbani, mchaji vyote kwa pamoja. Powabenki ikae kwenye mzigo wa mkononi, isizidi wati-saa 100. Betri huisha haraka kwenye baridi, basi ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Lenzi moja inatosha, nami ningechagua ya milimita 35. Mvua ikinyesha usiku msijifungie hotelini: mawe ya İstiklal yaliyolowa yanarudisha taa zote za maduka, na tramu nyekundu hupita katikati.

Kila usiku, kabla ya kulala, kaeni mzipitie picha za siku pamoja. Futeni zile ambazo ni mbovu dhahiri, wekeni alama kwenye chache mnazozipenda, na mtengeneze nakala ya pili: kwenye diski ndogo, au mtandaoni kwa Wi-Fi ya hoteli. Simu huibiwa kwenye msongamano wa tramu mji wowote ule, na picha zisizo na nakala huondoka nayo. Mkitumiana kwa WhatsApp tumianeni kama dokumenti, si kama picha, kwa sababu njia ya kawaida huzibana na kuzipunguza, na upungufu huo utauona siku utakapotaka kuzichapisha.

Na mzichapishe. Mkifika nyumbani, chagueni arobaini hivi, kila mmoja akiwa na haki ya kuongeza tano ambazo mwenzake hazipendi, na mtengeneze albamu mbili zinazofanana. Kwa karatasi ya sentimita 10 kwa 15 mnahitaji picha yenye pikseli zisizopungua 1200 kwa 1800, na simu yoyote ya sasa inapita hapo kwa mbali. Msipeleke zote studio kwa mkupuo. Ombeni kwanza mchapiwe moja, ile ya dirishani kwenye feri, kwa kuwa karatasi huonyesha nyuso nyeusi zikiwa na kiza zaidi kuliko kioo cha simu. Itazameni nje, mchana, mbali na taa za studio. Uso ukiwa bado umefifia, mwambieni fundi aongeze mwanga kidogo kwenye sehemu za kivuli pekee na aichape tena, na akishapata kipimo hicho akitumie kwa zote zilizobaki.